Ziwa Kivu: Kuogopa au Kujua?

Wazee husema, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Methali hiyo yafaa kila ziwa na kila mto, lakini yafaa zaidi Ziwa Kivu, ziwa kubwa lililoko juu milimani, mpakani mwa Kongo na Rwanda. Mtu asimamaye ufukoni wakati wa asubuhi huona maji ya buluu yaliyotulia kama kioo, visiwa vya kijani, na vilima vilivyolimwa hata kileleni. Moyo wake hufurahi, na kama yu mtoto, hutaka kuvua nguo na kujitupa majini mara moja. Nyuma yake mama yake hupiga kelele, "Toka hapo! Maji hayo yatakuua!"

Basi ni nani aliye na haki, mama au mtoto? Kila mmoja ana sehemu ya kweli, wala hakuna aliye na kweli yote. Kwa mtu akaaye kando ya ziwa hili hofu peke yake haitoshi, wala ushujaa peke yake hautoshi. Kinachotosha ni maarifa. Anayetaka kucheza na Kivu, kuvua katika Kivu, au kusafiri juu ya Kivu, yampasa kwanza kulijua.

Kwanza na ajue lilivyozaliwa. Ziwa hili liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Urefu wake, tangu Goma na Gisenyi upande wa kaskazini hata Bukavu upande wa kusini, wapata kilomita 90, na upana wake mahali palipo papana wapata kilomita 50. Kina chake chafika mita 485 hivi. Kama mikaratusi mirefu kumi na miwili, kila mmoja wa mita 40, ingesimamishwa mmoja juu ya mwenziwe mahali penye kina kupita pote, ncha ya mti wa juu isingetokea nje ya maji.

Hapo kale ziwa halikuwa kama lilivyo leo. Maji ya bonde hilo yalikwenda kaskazini, yakafika Ziwa Edward, na mwisho yakaingia mto Nili. Kisha moto wa chini ya ardhi ukapasua njia, ukatoka nje, na milima ya Virunga ikainuka ikaziba bonde, kama mkulima azibavyo mfereji kwa udongo. Maji yakakosa njia. Yakakusanyika, yakapanda, yakafunika mabonde madogo, na vilele vya vilima vikabaki kuwa visiwa na rasi. Ndiyo sababu ukingo wa Kivu hauendi sawasawa, bali umejaa ghuba na ncha za ardhi kama vidole vya mkono. Kisiwa kikubwa kupita vyote ni Idjwi, ambacho ni nchi ya Kongo, na watu wengi hulima na kuvua humo.

Maji yalipozidi kupanda yalipata njia upande wa kusini, penye Bukavu ya leo. Huko hutoka mto Rusizi, ambao hushuka kwa nguvu mita 690 hivi hata kufika Ziwa Tanganyika. Kutoka Tanganyika maji hufuata mto Lukuga, huingia mto Kongo, na mwisho hufika bahari ya Atlantiki. Ni ajabu kubwa: maji ambayo zamani yalishuka hata Misri, leo hushuka upande wa machweo ya jua, kwa sababu tu milima iliinuka ikaziba njia. Mwaka 1894 Mjerumani aitwaye von Götzen alifika pwani za ziwa hili, na habari zake zikaenea Ulaya. Lakini Wahavu, Washi na Wanyarwanda walikuwa wakilijua na kulivuka kwa mitumbwi tangu zamani sana.

Pili, na ajue yaliyomo chini yake, maana hapa ndipo Kivu linapotofautiana na maziwa mengi ya dunia. Katika maziwa mengi upepo na baridi huyakoroga maji, ya juu yakashuka na ya chini yakapanda. Katika Kivu si hivyo. Chini kabisa kuna chemchemi zinazotoa maji yenye chumvichumvi na joto, ambayo ni mazito kuliko maji ya juu. Maji hayo mazito hukaa chini, tabaka juu ya tabaka, wala hayachanganyiki na ya juu kwa urahisi. Mtu akishusha kipimajoto, huona maji yakipoa kwanza, kisha, akiendelea kushuka, huona yakizidi kupata joto.

Mwalimu akitaka kuwaonyesha watoto jambo hili, hahitaji vyombo vya thamani. Na atwae bilauri, ajaze maji nusu, atie chumvi nyingi na kuikoroga hata iyeyuke. Kisha atwae maji matamu, ayatie matone ya wino, na kuyamimina polepole sana juu ya kijiko, ili yaanguke taratibu juu ya yale ya chumvi. Wino utabaki juu, na maji ya chini yatabaki meupe. Hivyo ndivyo Kivu lilivyo: maziwa mawili na zaidi yakikaa ndani ya shimo moja.

Katika maji hayo ya chini zimo hewa mbili. Ya kwanza ni hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, ambayo nyingi yake hutoka katika miamba yenye moto chini ya ardhi. Ya pili ni metani, ambayo hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hukaa kilindini pasipo hewa ya kuvuta. Wataalamu wamekadiria kwamba, kama hewa zote zingetolewa nje ya maji, hewa ya ukaa ingejaza nafasi ya kilomita za ujazo 300 hivi, na metani 60 hivi. Uzito wa maji yaliyo juu huzikandamiza zisitoke, kama kizibo kinavyozuia povu la soda ndani ya chupa. Kizibo kikifunguliwa ghafula, kila mtoto ajua linalotokea.

Jambo la namna hiyo limekwisha kutokea katika nchi nyingine. Huko Kameruni kuna ziwa dogo juu ya mlima, jina lake Nyos. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, hewa ya ukaa ilifoka kutoka kilindini, ikashuka mabondeni kama mafuriko yasiyoonekana, na watu 1,700 hivi wakafa, wengi wao wakiwa usingizini, pamoja na ng'ombe wao. Nyos ni tone tu likilinganishwa na Kivu. Kando ya Kivu wanakaa watu zaidi ya milioni mbili. Kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Msomaji akifika hapa aweza kutetemeka na kusema, "Mama yule alisema kweli, heri kuhama." Lakini na asome hata mwisho. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa mawe yaliyoyeyuka ukapita katikati ya mji wa Goma, ukateketeza nyumba nyingi, ukaingia ziwani kwa mvuke na kelele. Watu waliogopa kwamba hewa za chini zingefumka. Hazikufumka. Yale mawe ya moto hayakuweza kuyatikisa maji mazito ya kilindini. Hivyo ikajulikana kwamba ziwa hili halisumbuliwi kwa jambo dogo. Wataalamu huendelea kulipima, na wengine wameanza kuitoa metani ili iwe faida badala ya hatari. Tangu miaka ya 1960 kiwanda kimoja cha bia huko Gisenyi kilipata moto wake kwa metani ya ziwa. Na mwaka 2016 mtambo mkubwa ulifunguliwa rasmi karibu na Karongi, nchini Rwanda, ambao huvuta maji ya kilindini, huitenga hewa yake, na kuifanya iwe umeme. Maji yakiisha kutolewa hewa hurudishwa chini kwa uangalifu, yasije yakavuruga matabaka. Hicho ndicho kilichotokana na maarifa: kitu kilichotisha watu sasa huwasha taa zao.

Tatu, na ajue viumbe vyake. Kwa kuwa maji ya chini hayana hewa ya kuvuta, samaki hawawezi kuishi ila katika maji ya juu. Kwa hiyo Kivu, ijapokuwa ni kubwa, lina aina chache za samaki kuliko jirani yake Tanganyika, ambalo lina mamia. Zamani sehemu ya katikati ya ziwa ilikuwa karibu tupu. Baina ya 1958 na 1960 watu walichukua samaki wadogo kutoka Tanganyika wakawatia humo. Samaki hao ndio waitwao sambaza, na leo ndio kitoweo cha maskini na tajiri, wakikaangwa wakavu au kupikwa kwa nyanya. Usiku wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, huwasha taa ili kuwavuta sambaza, na huimba wapigapo makasia. Mtu aliye kilimani huona taa hizo zikitapakaa juu ya maji kama mji mwingine.

Hata katika jambo hili jema limo fundisho. Sambaza walipoingia, kijidudu mmoja wa majini aliyekuwa chakula chao alitoweka, kwa maana hakuwa amezoea kuliwa hivyo. Na watu wengine huvua kwa vyandarua vya mbu, wakikokota hata watoto wa samaki walio kama sindano. Afanyaye hivyo hula mbegu kabla ya kupanda. Serikali ya Rwanda hufunga uvuvi kwa muda kila mwaka ili samaki wapate kuzaa, na kijana aliyefundishwa sababu yake hawezi kuinung'unikia amri hiyo.

Nne, na ajue furaha ya ziwa, maana furaha nayo ni zawadi isiyofaa kudharauliwa. Katika Kivu hakuna mamba, na hilo ni jambo la nadra kwa ziwa kubwa la Afrika. Huko Gisenyi kuna ufuko wa mchanga ambapo watu hukusanyika siku za mapumziko, wengine wakiogelea, wengine wakicheza mpira, wengine wakikaa tu na kutazama. Karibu na Karongi kiko kisiwa chenye popo wengi walao matunda, na wageni hukiendea kwa mashua ili kuwaona wakiruka kwa wingi kama wingu jeusi. Atulizaye macho yake karibu na majani ya ukingoni huenda akamwona fisi maji akipiga mbizi na kuibuka na samaki kinywani. Tena iko njia ya miguu na baiskeli, ndefu kupita kilomita 200, ipitayo vilimani kando ya ziwa upande wa Rwanda, toka Rubavu hata Rusizi. Wageni hutoka mbali na kulipa fedha nyingi wapate kuona mambo haya. Itakuwa aibu kama mtoto aliyezaliwa hapo hayajui, kwa sababu tu alikatazwa kusogea.

Sasa turudi kwa mama yule na hofu yake. Hofu yake si upuuzi, lakini imeelekea upande usiofaa. Kufoka kwa hewa zote za ziwa ni jambo la kutisha, lakini halijaonekana na mtu yeyote aliye hai. Yaliyo madogo ndiyo yauayo mara kwa mara. Hayo ni matatu.

La kwanza ni mashimo ya hewa mbaya, ambayo watu wa Goma huyaita mazuku. Hewa ya ukaa hutoka katika nyufa za ardhi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia katika mabonde madogo na mashimo, hasa usiku na asubuhi mapema kabla ya jua na upepo kuitawanya. Haina rangi. Mtu mzima aliyesimama huenda asidhurike, lakini mtoto mfupi, au mbuzi aliyeinama kula majani, huanguka na kufa. Na karibu na Goma ziko sehemu za pwani ambapo hewa hiyo hutoka hata majini, basi haifai kuogelea popote pasipo kuuliza wenyeji. Katika Ghuba ya Kabuno, upande wa kaskazini magharibi, maji yenye hewa nyingi yako karibu sana na juu kuliko katika ziwa kubwa.

La pili ni vyombo vilivyopakizwa kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba 2024 watu waliosimama pwani ya Goma waliona kwa macho yao chombo kilichotoka Minova kikilala ubavu na kuzama, karibu kabisa na bandari ya Kituku. Kilikuwa kimejaa mno. Watu wengi walikufa, nao walikuwa wamekwisha kuiona nchi kavu. Wengi walisafiri kwa maji kwa sababu njia ya bara ilikuwa imefungwa na vita.

La tatu ni kutojua kuogelea. Hili ni la ajabu kuliko yote. Watoto wa Goma huteka maji ziwani kila siku kwa madumu ya manjano, na wengine huyabeba kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na minyororo. Watoto wa Idjwi hawawezi kwenda sokoni bara pasipo kuvuka. Maji yako mbele yao asubuhi na jioni, na hata hivyo wengi wao hawawezi kujiokoa wakianguka umbali wa hatua kumi tu.

Basi ni wazi kwamba kumkataza mtoto asilisogelee ziwa hakumwokoi, kwa kuwa maisha yenyewe yatampeleka huko apende asipende. Mama anaweza kumzuia asicheze, lakini hawezi kumzuia asiteke maji, wala asivuke. Mtoto aliyekatazwa tu, siku aangukapo majini huwa na hofu mikononi mwake na hana kitu kingine. Mtoto aliyefundishwa huwa na pumzi, mikono na akili.

Kwa hiyo yafaa kila shule iliyo kando ya Kivu ifanye mambo mawili. Kwanza, iwafundishe watoto kuogelea, wavulana na wasichana vilevile, mahali pa maji haba palipochaguliwa na watu wanaopajua, kukiwa na mtu mzima aogeleaye vizuri. Pili, iwafundishe ziwa lenyewe: lilivyozaliwa, matabaka yake, samaki wake, na alama za hatari. Kila mtoto na ajue kwamba akiona ndege au mbuzi wamekufa bondeni pasipo jeraha, asishuke kuwaokota, bali apande juu na kuwaambia wakubwa. Na ajue kukataa kuingia katika chombo kilichojaa, hata kama nahodha amcheka.

Wako watakaosema, "Shule haina nafasi, mitihani yakaribia." Lakini hesabu ya ujazo yaweza kufundishwa kwa maji ya ziwa, jiografia yaweza kufundishwa kwa njia ya Rusizi, na elimu ya viumbe kwa sambaza mmoja aliyepasuliwa juu ya meza. Haya si masomo mapya ya kuongezwa juu ya yale ya zamani, bali ni masomo yale yale yaliyotolewa kitabuni na kuletwa mlangoni. Wengine watasema, "Kuwaambia watoto habari za hewa zilizo chini ni kuwatia hofu." Sivyo. Watoto wamekwisha kusikia habari hizo sokoni, zikiwa zimechanganyika na uvumi. Lenye kutisha ni lile lisemwalo nusu.

Jioni, jua likitua nyuma ya milima ya Kongo, wavuvi husukuma mitumbwi yao na kuwasha taa. Wao hawalidharau ziwa, wala hawalikimbii. Hutazama mawingu kwanza, hukaza kamba, huhesabu watu waliomo, ndipo huanza kuimba. Na mtoto aliye ufukoni na awatazame vizuri, na mama yake asimame karibu naye. Siku moja mama huyo asiseme tena, "Toka hapo," bali aseme, "Ngoja, mwanangu, nikuonyeshe panapofaa."